Mkamwana Kwenye Njia ya Songwe

Tulimwacha Mzee Andongwisye na mguu mmoja hewani, msomaji, na mguu huo umening'inia wiki nzima. Tumruhusu sasa aushushe, maana mzee wa watu amechoka.

Lakini aushushe wapi? Mbele yake, hatua ishirini tu, katikati ya njia nyembamba iendayo mto Songwe, amesimama Tusekile, mke wa mwanawe, na chungu kichwani. Nyuma ya mzee anakuja Bwana Rudolfi, Mdachi, akihema chini ya kofia yake. Kushoto ni tope. Kulia nako ni tope, ila la kulia lina miiba.

"Huyu mwanamke amepatwa na nini?" mzee alinong'ona.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwa Wanyakyusa wa siku zile, mwanamke aliyeolewa hakutakiwa kumwona baba wa mumewe wala kuonwa naye. Hazungumzi naye, jina lake halitaji, na hata kivuli chake anakikwepa. Wakikaribiana njiani, mzee anakohoa, mkamwana anaingia porini na kujifunika, mzee anapita, kila mtu anaendelea na shughuli zake. Miaka minne Tusekile alikuwa mke wa Hezroni, na miaka minne Andongwisye alimjua kwa mlio wa mchi wake nyuma ya migomba, na kwa mboga zake ambazo huzidi chumvi kidogo.

Wala msidhani mzee alikuwa mpagani. Alibatizwa mbele ya watu wote. Mwalimu wa misheni alimweleza mara tatu kwamba Mkristo anaweza kumsalimia mkamwana wake bila jambo lolote baya kutokea. "Ndaga fijo, mwalimu," mzee akashukuru, na Jumapili iliyofuata akakaa tena nyuma ya nguzo nene kuliko zote kanisani, ili asimwone Tusekile upande wa wanawake.

Basi akakohoa.

Tusekile hakusogea.

Akakohoa tena, kikohozi cha kumtoa nyoka shimoni. Tusekile akageuka, akampa mgongo kwa adabu, lakini miguu yake ikabaki palepale katikati ya njia.

Mara ya tatu hakukohoa. Alichagua tope la kushoto, akaruka.

Likampokea mpaka kiunoni.

Bwana Rudolfi, aliyemwona kiongozi wake akipaa ghafla na kutoweka kwenye matete, akalala kifudifudi papo hapo. "Amewaona! Sanduku! Leteni sanduku la picha!"

Wapagazi wanne wakaja mbio. Sanduku likasimamishwa kwenye miguu yake mitatu, jicho lake likaelekezwa mateteni ambako mzee alikuwa akipambana na tope. Ndege mmoja mweupe akaruka.

"Muulize ni mnyama gani," Bwana Rudolfi alinong'ona.

Aliyeambiwa hivyo ni Ambilikile, mpishi na mkalimani wa msafara, mtu mzima mwenye kitambi kidogo, aliyejifunza Kidachi jikoni kwa Wazungu. Ambilikile alikuwa na sifa moja kubwa na moja mbaya, na zote mbili ni ileile: alitafsiri kila kitu. Ukipiga chafya mbele yake, atamweleza Bwana kwamba umepiga chafya.

"Si mnyama, Bwana. Ni mke wa mwanawe."

"Ana silaha?"

"Ana chungu."

"Sasa anamkimbia kwa nini?"

"Anamheshimu, Bwana."

Bwana Rudolfi akaketi, akatoa daftari lake, akaandika maneno mengi.

Aliyeazima gazeti la jirani wiki iliyopita akanyang'anywa kabla ya kufika ukurasa huu, ajue hivi. Bwana Rudolfi si askari, si mmisionari, si mtu wa kodi. Alishuka Mwaya kutoka kwenye meli kwa sababu moja iliyowashangaza watu wote wa pwani ya ziwa: alikuja kupumzika. Na kupumzika kwake ni kutembea juani akitafuta viboko, si kwa kuwala, bali kuwatazama na kuwapiga picha. Tena si viboko wa kuonyesha pua tu majini. Aliwataka nchi kavu, mchana kweupe, umbali wa hatua arobaini.

Na Bwana Rudolfi ni shemeji wa mkubwa wa boma. Hapo ndipo Andongwisye alipoingia. Mwanawe wa pekee, Hezroni, yuko kwenye mnyororo huko bomani. Alipagazwa gunia la chumvi ya serikali, homa ikampanda katikati ya mto Mbaka, gunia likaanguka majini, chumvi ikaenda ziwani. Wiki ijayo watu wa mnyororo wanapelekwa mbali kujenga reli, na kutoka Kyela nzima hakuna aliyewahi kumwona mtu aliyerudi kutoka huko. Bwana Rudolfi alisema: nionyeshe viboko wangu, nami nitaandika barua, mwanao afunguliwe. Leo ni Alhamisi. Jumamosi meli inaondoka na Bwana Rudolfi ndani yake.

Siku kumi na mbili wametembea. Na siku kumi na mbili wamedanganywa, maana kila kijiji kilikuwa na hesabu zake: penye wanyama Mzungu atapiga kambi, na akipiga kambi wapagazi wake watakula. Kwa hiyo wanyama walikuwa kwa jirani siku zote. Mwaya wakasema viboko wako Ngonga. Ngonga wakashangaa sana kusikia hivyo, wakasema viboko wamejaa Itungi. Itungi wakaapa kwa Kyala, Mungu wao, mbele ya mbuga yenye nyayo za viboko mbichi kabisa, kwamba zile ni nyayo za ng'ombe wanene.

"Katika nchi yenu," Bwana Rudolfi aliuliza siku ya tisa, "wanyama wote wanaishi kijiji kinachofuata?"

Wengine walimshauri apande milima mpaka Usangu, kwenye tembo na nyati. Lakini Usangu ni safari ya siku nyingi, na meli haisubiri tembo. Ikabaki Songwe, mto wa mpakani, ng'ambo yake kwa Waingereza. Andongwisye aliujua mto huo tangu ujanani. Alikuwa ameuweka mwisho kwa ajili ya magoti yake, akitumaini wanyama watapatikana karibu na nyumbani, na tangu juzi usiku alikuwa akijilaumu kwa hilo kila anapogeuka mkekani.

Sasa nusu saa tu imebaki kufika mtoni, na njia imezibwa na chungu.

* * *

Kutoka topeni, mzee alimsikia Tusekile akisema. Hakusema naye, hapana. Alikuwa amekishusha chungu chake chini, amekiinamia, anakisemesha chenyewe.

"Wewe chungu," alisema Tusekile kwa sauti ya kusikika, "sikiliza. Njia hii mbovu. Songwe hakuna viboko mwaka huu. Wote wamehamia Ngonga. Mwenye akili arudi Ngonga."

Andongwisye nusura acheke, ila tope lilikuwa limembana mbavu. Hata huyu! Hata nyumbani kwake mwenyewe, wanyama wako kwa jirani!

Akachomoa fimbo yake kwenye tope, akaigeukia. Hivyo ndivyo watu wanavyofanya pakiwa na lazima: kila mmoja anakisemesha kitu chake, na hewa inabeba.

"Fimbo yangu," alisema, "mwambie anayesema na chungu. Ngonga tulikuwako Jumanne. Tumeona bata."

"Chungu changu, Ngonga ni kubwa. Pengine hawakuangalia vizuri."

"Fimbo, mwambie tumeangalia mpaka macho yametoka. Mwambie mume wake ndiye anayengoja. Mwambie asogee njiani."

Halafu sauti ya Tusekile ikaja tena, na safari hii ilikuwa inatetemeka. "Chungu, nakuomba. Wasiende Songwe. Nakuomba sana."

"Wanasema nini?" Bwana Rudolfi aliuliza.

"Mwanamke anakiambia chungu kwamba viboko wako Ngonga," alijibu Ambilikile. "Mzee anaiambia fimbo kwamba si kweli. Mwanamke anakiomba chungu tusiende."

Kalamu ya Bwana Rudolfi ikakimbia kwenye daftari.

Andongwisye alikuwa amelowa, ana njaa, ana siku mbili. Na moyoni, tuseme ukweli, alikuwa amekasirika. Alikumbuka maneno ya ndugu zake siku Hezroni alipomleta huyu binti wa Kikisi kutoka ukoo wa wafinyanzi wa kando ya ziwa. Wafinyanzi hawana heshima zetu, walisema. Wamezoea kupanda mitumbwi na kuuza vyungu kila soko, watu wote wanawaona. Andongwisye alimtetea wakati ule. Sasa alijiona mjinga.

"Tunazunguka," alimwambia Ambilikile. "Nifuateni topeni."

Wakazunguka. Wapagazi wakabeba sanduku la picha vichwani kama jeneza la mtu mdogo, Bwana Rudolfi akapoteza kiatu na kukipata, Ambilikile akalaani kwa lugha tatu. Walipoibuka tena njiani, mbele zaidi, jasho na tope vimechanganyika mpaka mtu hajui kipi ni kipi, mzee akainua macho.

Tusekile alikuwa amesimama katikati ya njia. Amewapa mgongo. Chungu kichwani.

Miguu ya ujana! Alikuwa amekatiza shamba la mpunga kwenye kingo na kuwatangulia.

Hapo Andongwisye alikaa chini. Akafunika uso kwa mikono ili asimwone yule mwanamke, na nyuma ya mikono ile akataka kulia. Fikiria, msomaji. Simba angefukuzwa. Mto ungevukwa. Hata askari wa boma angebembelezwa. Lakini mwanamke mmoja akisimama tu na kuonyesha mgongo anaweza kumfungia baba mkwe dunia nzima, na kwa adabu zote.

"Ambilikile," alisema bila kuondoa mikono, "mwambie Bwana nimechoka."

Ambilikile akatafsiri. Bwana Rudolfi akamtazama mzee kwa muda. Hakuwa mtu mbaya. Akatoa chupa yake ya maji, akampa.

"Mwambie," alisema Bwana Rudolfi, "kama safari imemshinda, turudi Mwaya. Sitamlaumu. Lakini barua nitaandika nikiwaona wanyama. Niliahidi hivyo, sikuahidi vingine."

Maji yale mzee hakuyamaliza. Aliinuka, akavua shuka lake zito la begani, akajifunika kichwa kizima mpaka tumboni, akanyoosha ncha ya fimbo mbele.

"Shika hapa, Ambilikile. Nipitishe kama kipofu. Macho yangu hayatamwona, na yeye hataona uso wangu. Kwa Kyala nitajieleza mwenyewe."

"Mzee wangu, utapita karibu naye kabisa. Njia ni nyembamba."

"Nipitishe!"

Hatua moja, mbili, kumi. Chini ya shuka kulikuwa na joto na harufu ya tope. Mzee aliona kipande cha ardhi tu mbele ya vidole vyake. Kisha akasikia pumzi ya mtu, karibu mno, upande wa kulia. Pale kwenye kile kipande cha ardhi ikapita miguu miwili ya mwanamke, imepakaa mpaka magotini tope jeusi lenye mchanga unaometa.

Andongwisye alilijua tope lile. Halipatikani shambani wala kijijini. Linapatikana Songwe peke yake, kwenye kingo za mto, pale viboko wanapopandia.

Kumbe ametoka huko! Leo leo ametoka huko! Basi wanyama wapo, na anajua wapo, na anawaficha kama wanavyowaficha wengine wote ili mpunga wake usikanyagwe na wapagazi!

Akasikia chungu kikitua chini kwa kishindo, na mwanamke akivuta pumzi kama anayetaka kusema. Lakini safari hii kusema na chungu au fimbo kusingefaa, mwanamke na mzee walikuwa bega kwa bega, na maneno hayakutoka.

"Twende!" mzee alipiga kelele ndani ya shuka. "Haraka! Wapo!"

* * *

Na kweli walikuwapo.

Mto ulikuwa umejikunja pale na kufanya bwawa pana, na katikati ya bwawa kisiwa kidogo cha mchanga na matete. Katika ncha ya kisiwa inayoelekea ng'ambo, kwenye jua la saa nne, walilala viboko. Hawakuonyesha pua tu. Walilala wazima wazima, migongo myekundu, ndege wakitembea juu yao kama wanakagua mali. Mmoja alipiga miayo, na mtu angeweza kuhesabu meno.

"Kumi na mmoja," Ambilikile alinong'ona, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwambia anyamaze.

Bwana Rudolfi alivua kofia. Machozi yalikuwa yakimtoka bila aibu, mtu mzima mwenye ndevu. Akajifunika kitambaa chake cheusi nyuma ya sanduku, akapiga picha, akabadilisha kioo cha picha, akapiga tena, na tena. Wanyama hawakujali hata kidogo.

Alipotoka kwenye kitambaa, alikwenda moja kwa moja kwa mzee, akamshika mkono pamoja na tope lake.

"Miaka sita nimeota jambo hili. Mwambie. Miaka sita."

Halafu, msomaji, akafanya kile ambacho wengi wenu mliniandikia kwamba hatakifanya. Alikaa juu ya mzigo wa mpagazi, akachana ukurasa katika daftari, akachukua kalamu.

"Jina la mwanao?"

"Hezroni," alisema mzee. "Hezroni, wa Andongwisye, wa Mwaya."

Bwana Rudolfi akaandika. Alirudia jina taratibu ili asikosee, Hez-ro-ni, akatia sahihi, akapuliza karatasi. Ambilikile akasoma: mfungwa Hezroni afunguliwe mara moja, ni ombi la shemeji yako, ambaye amemfahamu baba yake kuwa mtu mwaminifu.

Mwaminifu! Mzee aliipokea karatasi kwa vidole viwili, kwa kuwa vingine vyote vilikuwa vichafu. Kisha uchovu wote wa siku kumi na mbili, ambao alikuwa ameuambia usubiri, ulikuja kwa pamoja ukamkalia mabegani. Akaketi mchangani. Alitaka kulala palepale, aamshwe mwanawe akiwa nyumbani anakula.

"Ambilikile," Bwana Rudolfi aliita. Alikuwa amesimama na darubini machoni. "Umesema wako wangapi?"

"Kumi na mmoja, Bwana."

"Mimi naona kumi na wawili. Wa mwisho yuko nyuma, kwenye matete ya kisiwa." Akakaza darubini. "Huyo ana mikono."

Ambilikile akatafsiri akicheka. Mzee hakucheka. Sijui kwa nini hakucheka. Labda mwili hujua kabla ya mtu.

"Mpe mzee atazame," alisema Bwana Rudolfi. "Ni nchi yake."

Andongwisye aliinuka; hakuwahi kushika darubini. Kwanza aliona anga, halafu mgongo wa kiboko mkubwa kama nyumba, halafu matete. Na ndani ya matete, mtu amechuchumaa. Amekonda. Shingoni ana pete ya chuma, na kipande cha mnyororo kimening'inia kifuani. Masikio yake yamechomoza kwa nje, masikio ya Veronika, mama yake, ambayo Andongwisye angeyatambua hata kwenye giza.

Hezroni.

Hezroni hakuwa bomani. Hezroni alikuwa amekwishatoroka.

Ikamjia yote kwa mara moja, bila huruma. Siku kumi na mbili yeye yuko porini na Mzungu, hakuna habari iliyomfikia. Mwanawe amekata mnyororo, amekimbilia mpakani, amejificha kisiwani akingoja nafasi ya kuvukia kwa Waingereza. Tope lile jeusi ni la mtu anayempelekea chakula. Na mwanamke aliyeziba njia mara mbili, aliyemwomba kwa machozi, alikuwa anamzuia baba asimlete Mdachi mpaka mlangoni kwa mtoto wake. Angemwambia vipi? Mbele ya Ambilikile, anayetafsiri hata chafya? Angepaswa kumvuta pembeni, kumnong'oneza sikioni, na hilo ndilo jambo pekee ambalo mkamwana hawezi.

Na kwa nini Hezroni hajavuka? Jibu lilikuwa limelala juani, kumi na mmoja, kati ya kisiwa na ng'ambo. Viboko walewale ambao baba yake alikuwa akiwaombea kila asubuhi.

Barua ikawa nzito mkononi. Barua ya kumfungua mfungwa. Hakuna neno ndani yake la kumsamehe mtoro. Watoro hawafungwi tena. Kila mtu Kyela alijua wanachofanywa: kamba na mti.

"Haya," alisema Bwana Rudolfi. "Ni nani yule?"

Nyuma ya mzee mchanga ulilia. Mtu alikuja mbio, akasimama karibu sana, akapiga magoti. Hakugeuza mgongo. Hakuwa na chungu. Mkono wa mwanamke ukashika mkono wa Andongwisye, mbele ya watu wote, na sauti ambayo kwa miaka minne alikuwa akiisikia nyuma ya migomba tu ikamwingia sikioni.

"Tata, baba yangu," alisema Tusekile. "Sema humjui."

Akamtazama. Kitu gani kingemzuia sasa? Alikuwa na uso wa kawaida, mchovu, wenye kovu dogo kwenye nyusi. Mtoto tu. Na yeye alikuwa amemruka kama nyoka.

"Bwana anauliza," alisema Ambilikile. Hakutafsiri alichokisikia. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Ambilikile aliyameza maneno.

Andongwisye akashusha darubini.

"Simjui," alisema.

"Hamjui, Bwana."

"Si mvuvi wa hapa?"

"Simjui. Sijawahi kumwona."

Bwana Rudolfi akakunja paji la uso. Hakushuku lolote, huo ndio ubaya wenyewe. Alikuwa na furaha, alikuwa amepata viboko wake, alikuwa anaipenda dunia nzima. "Maskini," alisema, "amezingirwa na wanyama. Tumsaidie." Akaweka mikono mdomoni, na kwa Kiswahili chake kidogo alichojifunza kitabuni, akapaza sauti juu ya maji:

"Rafiki! Wewe nani?"

Viboko wawili wakainua vichwa. Matete yakatikisika.

"Usijibu," Tusekile alisema chini chini. "Kyala, asijibu."

Na Hezroni asingejibu. Siku sita alikuwa amelala kwenye matete yale kimya, hata mbu hakuwapiga. Lakini sasa alichungulia, akaona Mzungu aliyevua kofia na kutabasamu. Akamwona mkewe. Na kando yao, mchangani, amesimama baba yake mwenyewe, ameshika karatasi nyeupe. Kila alipomletea chakula, Tusekile alikuwa akimpa moyo kwa habari moja: baba yuko na Mzungu, baba anatafuta barua yako.

Akadhani yamekwisha.

Alisimama wima, mnyororo ukamlia kifuani, akainua mikono yote miwili juani.

"Tata!" aliita kwa furaha. "Umeipata! Ni mimi, Hezroni!"

Ambilikile hakufungua kinywa, lakini hakukuwa na haja. Jina lile Bwana Rudolfi alikuwa amelitamka mwenyewe, polepole, ili asikosee. Tabasamu likamtoka usoni kidogo kidogo. Alimtazama yule mtu wa kisiwani, akaitazama pete ya chuma shingoni mwake, kisha akamgeukia Andongwisye na kumnyooshea mkono.

"Mzee," alisema, "nipe ile karatasi."